Mashine ya Gitaa la Pili

Makambako, 12 Septemba 2004

Mdogo wangu Fidelis,

Pokea salamu. Mimi mzima kiasi, viatu ndivyo vimekwisha.

Nilikwenda dukani kwa Awadhi kukuchagulia kompyuta uliyoniagiza, ya kunasa gitaa na kulirudia papo hapo huku ukipiga jingine juu yake. Akanisifia yenye kioo kikubwa. Nikapiga kofi mbele ya kipaza sauti. Kofi likarudi limechelewa, kama mtu anayeitikia ng'ambo ya bonde. Awadhi akacheka, "Basi hii ya kuandikia barua, mzee." Chukua ile nyeusi. Kumbukumbu yake ni kubwa, kadi ya sauti ni nzuri, haichelewi.

Gitaa la pili nilikuwa napiga mimi, Fide. Hukuniuliza nitarudi lini, uliulizia mashine.

Hata hivyo inunue. Mwezi wa sita msumeno wa hapa kiwandani ulikata vidole vyangu viwili vya mkono wa kushoto, nikaona aibu kukuandikia. Mashine hurudia inachopewa tu. Ipe ile kaseti tuliyopiga kwenye harusi ya dada Teodora. Mle bado nina vidole vyote.

Ni mimi kaka yako,
Yosefu