Shikamoo Nyuma ya Kioo

Jumapili, 3 Desemba 1961

Nimeosha gari tangu alfajiri. Bila mimi Mwanza hii ingesimama. Pamba ya Jimbo zima ananunua tajiri wangu, na tajiri haendi popote nisipoendesha mimi. Piga hesabu mwenyewe. Gari ni la Kimarekani, limezeeka kidogo, lakini refu kama mtumbwi wa makasia kumi na mawili. Likipita kando ya ziwa samaki huinua vichwa. Vioo vyake havizungushwi kwa mkono. Unabonyeza swichi, kioo kinapanda chenyewe. Leo nimewaonyesha watu wa Igogo mara arobaini hivi.

Ijumaa litampeleka Zubeda, binti wa dada yangu Asha, kuolewa Misungwi. Tajiri amekubali.

Jumatatu, 4 Desemba

Aibu. Tulipita Misungwi, tajiri kakaa nyuma ana haraka. Kando ya njia kasimama Mzee Salum, baba wa bwana harusi, mkono juu. Nikapunguza mwendo, nikabonyeza swichi. Kioo kimya. Nikabonyeza tena. Kimya. Nikamwamkia hivyo hivyo, kioo kikiwa juu, nikapita. Alichoona yeye ni mtu mzima ndani ya gari kubwa anatafuna hewa.

Ningeweza kufungua mlango. Sikufungua. Tajiri alikuwa anaangalia saa.

Jumanne, 5 Desemba

Mshenga kaleta maneno. Mzee Salum anasema, kama mjomba wa binti anatoa shikamoo nyuma ya kioo, basi binti akaolewe na kioo. Hakuna harusi mpaka niende na gari lile lile, kioo kile kile kishuke, nimwamkie uso kwa uso. Nilieleza kuwa ni ubovu wa mashine. Mshenga akacheka, akauliza tangu lini kioo kikagoma kama punda.

Zubeda alikunja kanga zake mpya akazirudisha sandukuni, moja moja. Hilo liliniuma kuliko maneno.

Nikaanza kazi. Nimebandua ubao wa ndani wa mlango. Mle kuna mota, kubwa kama kopo la maziwa. Nikaona kioo kimekauka tu. Nimepaka samli njia zote za kioo, robo ya kibuyu. Waliokuja kutazama nimewaambia kwamba wakati wa vita, kule Burma, nilitengeneza kifaru kwa kijiko. Wakaamini. Kioo hakikuamini. Sasa paka saba wamelala juu ya gari.

Jumatano, 6 Desemba

Fundi wa mjini anasema mota imekufa, mpya itoke Nairobi, wiki tatu. Nimemwambia hajui kitu. Na mimi sijui vilevile. Ugali haushuki. Nimeharibu harusi ya mtoto.

Jioni dada Asha aliacha cherehani yake akaja. Yeye hajashika gari maisha yake yote. Akafungua mlango, akafunga, akafungua tena. Akaniuliza nguo huanza kuchanika wapi. Nikasema sijui.

“Kwenye mkunjo, kaka. Na hizi nyaya zako zinakunjwa kila mlango ukifunguliwa.”

Nikavuta ule mpira unaofunika nyaya kwenye bawaba. Kweli. Waya mmoja umekatika, shaba imekuwa kijani. Nikaumenya, nikausokota, nikaufunga kwa utepe mweusi. Nikabonyeza. Kioo kikashuka, kinanukia samli! Dada akapiga kigelegele kimoja, akarudi kwenye cherehani. Mimi nimeuzunguka ua mbio kama mwana-mbuzi.

Alhamisi, 7 Desemba

Misungwi. Majirani wote nje. Mzee Salum kwenye kiti mbele ya nyumba, hatazami huku. Nikasimamisha gari karibu na magoti yake. Nikabonyeza. Kioo kikashuka taratibu.

“Shikamoo, mzee.”

Mzee akainuka, akaingiza kichwa, akachungulia mlangoni kutafuta anayevuta.

“Pandisha,” akasema. Nikapandisha. “Shusha.” Nikashusha. “Niamkie tena.”

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba, mwanangu. Haya, toka humo. Kioo nimekiona, sasa nataka kukuona wewe.”

Tukacheka mpaka mkewe akatoka na sufuria mkononi. Halafu mzee akaomba akae yeye kwenye swichi. Chai yake ikapoa.

Ijumaa, 8 Desemba

Zubeda kaolewa. Mji umejaa bendera za karatasi kwa ajili ya kesho. Wageni wa kutoka Magu walidhani zimewekwa kwa ajili yetu. Sikuwakatalia. Tumesimama kwa kila mzee njiani, kioo chini, shikamoo zaidi ya thelathini. Tulichelewa sana. Bibi harusi alicheka njia nzima.

Jumamosi, 9 Desemba

Uhuru. Ngoma zinasikika hadi hapa. Nimekaa barazani na dada Asha. Anapindia mashuka.

Watu wameniuliza mbona jana jioni, narudi peke yangu kutoka Misungwi, nilipita Igogo kioo kikiwa juu, sikuamkia mtu. Nimewajibu ni wale wadudu wa ziwani, walikuja kama moshi, ningewameza.

Hapakuwa na mdudu hata mmoja. Nilikuwa nalia.