Chemchemi ya Valbrune

Baba yangu, Mwalimu wangu wa darasa la tano,

Nimefika Valbrune. Usishtuke, sijapanda ndege. Nimefika nikiwa kwenye kochi langu hapa Malvern, Toronto, mjukuu wako Neema yuko pembeni akinitembeza kwa ramani ya picha kwenye simu, theluji imetufungia ndani tangu asubuhi. Kijiji kile kidogo cha Ufaransa ulichotufundisha mwaka mzima kule Uvira kipo kweli. Nilikuwa nimeanza kukutilia shaka.

Chanzo ni kazi ya shule. Neema ametakiwa kuchora ramani ya mahali alikotoka babu yake. Aliniuliza kwa Kiingereza, kama kawaida ya watoto wa huku, nami nikaona aibu. Ulizaliwa milimani, hilo tu ndilo ninalolijua. Kila nilipokuuliza kwenu ni wapi, ulinijibu, "Hapa tulipo," ukaendelea kusahihisha madaftari. Sasa hupo tena duniani, na sina cha kumpa mtoto. Kijiji pekee ninachoweza kukichora nimefumba macho ni Valbrune.

Unakikumbuka kile kitabu chako cha jiografia? Kimoja kwa darasa zima, na mchwa walikuwa wamekula nusu yake. Ulitutoa nje, ukatupa vijiti, tukachora ardhini: mto uliopinda kama kiwiko, daraja la mawe, kanisa juu ya kilima, kinu cha maji cha kusagia ngano, banda la kufulia nguo ukingoni mwa maji. Kwa nini kanisa liko juu na kinu kiko chini? Ndivyo ulivyouliza, na asiyejua jibu alibaki amesimama. Nilikupenda sana saa zile. Nyumbani ulikuwa mtu wa maneno machache, lakini ukiwa Valbrune hukunyamaza.

Basi tumekizunguka, Baba. Daraja lipo. Kanisa lipo. Kinu siku hizi ni nyumba ya wageni, na banda la kufulia limepandwa maua. Uwanjani upo mnara wenye majina ya vijana waliokufa vitani, na Neema alishangaa jinsi yalivyo mengi kwa kijiji kidogo namna ile. Nikamwambia twende nyuma ya kanisa nimwonyeshe chemchemi uliyotuchoresha, ya midomo miwili, mmoja wa watu, mwingine wa ng'ombe, na lile jiwe la kutelezea lililochana kaptula za watoto. Hatukuona kitu. Shamba la ngano tu, tambarare, mpaka macho yanapoishia.

Nilikasirika kidogo, nikasema labda chemchemi imekauka. Neema akauliza kama na jiwe nalo limekauka.

Nikahamia kwenye historia, nikamsimulia kama ulivyotusimulia. Watawa walijenga kanisa, reli ikaja, reli ikaondoka. Kisha asubuhi moja watu wote wakakimbia, wakaacha maharage motoni. Neema aliniangalia, akauliza hao Wafaransa walikuwa wakimkimbia nani. Baba, nimekaa na hadithi hiyo zaidi ya miaka thelathini, na sikuwahi kujiuliza.

Nikampigia shangazi, dada yako, aliyebaki Uvira. Nikamweleza habari za chemchemi, jiwe na maharage. Alicheka kwanza, kisha akaniomba nirudie habari za jiwe.

"Ile haiko Ulaya, mama," akasema. "Ile njo kwetu ku milima, Kalembezi. Na yale maharage, ni mimi niliyaachaka ku moto."

Kumbe kurasa zilizoliwa na mchwa ulizijaza habari za kwenu. Nimelia, sitakuficha, na nimekukasirikia pia, maana ungeweza kuniambia mimi mwanao. Ninajiuliza mengi. Ulipanga tangu mwanzo, au siku moja ukurasa uliisha na mdomo ukaendelea wenyewe? Hukumwogopa mkaguzi wa shule? Shangazi anasema huko hakuna tena nyumba hata moja. Lakini darasa zima tulikichora kijiji hicho, na tumetawanyika nchi nyingi. Labda mmoja wetu amefika Ufaransa kwa miguu yake, akazunguka nyuma ya kanisa akitafuta maji.

Neema amemaliza ramani yake. Kanisa na kinu amevifuta. Ameacha chemchemi, jiwe, njia ya ng'ombe, na jiko moja linalotoa moshi, na juu ameandika Kalembezi kwa wino. Halafu akaniuliza, kwa Kiswahili safari hii, "Mama, kaskazini iko upande gani?"

Hilo hukutufundisha. Nimebaki nimesimama, Mwalimu.

Ni mimi, binti yako wa benchi la mbele