Natembea Bila Mzigo

Jumapili, 4 Agosti 2019

Mimi barua ndiyo najua kuandika, kwa hivyo hata hapa naanza na salamu. Salamu kwako Kaberia, mzee wangu, unayekoroma kwa kiti na redio inaongea peke yake. Salamu shosho, mama mkwe, mguu leo uko afadhali. Salamu Thuranira, kijana wangu, umefunga shule na mkate umeisha. Salamu Cicily wangu huko Embu, na bwana yako Njeru, na huyo wa kwanza aliye tumboni, aje polepole. Salamu ng'ombe, wewe pia una mimba, tunajuana. Na wewe henia, uvimbe wangu hapo juu ya kitovu, mkubwa kama limau — salamu. Kaa ndani. Operesheni yako ni Oktoba.

Wawira, yule dada wa mazoezi kule hospitali, alisema niwe naandika siku uvimbe ukinisumbua. Nitaandika na mengine. Nani atasoma?

Jumanne, 6 Agosti

Nimetembea! Kutoka nyumbani mpaka kwa lami na kurudi, kabla jua likaze. Wawira alisema kutembea ni kuzuri, mwendo wa mtu anayeweza kupiga story akienda. Kulala tu kitandani hapana. Kuinua vizito hapana. Yale ya vijana, kulala chali na kuinua kifua — hapana kabisa. Nikiinuka kwa kiti nitoe pumzi, fuuu, nisiizuie. Nikikohoa, mkono juu ya uvimbe.

Shida ni watu. Hapa kwetu Kibirichia mwanamke hatembei mikono mitupu. Kila mtu njiani: kuna mgonjwa? Nani amekufa? Mzee mmoja akaniuliza kama Kaberia amenifukuza. Nikamwambia bado, ananiogopa.

Ijumaa, 9 Agosti

Leo nimefanya ujinga.

Viazi vimechimbwa, mawingu yamekaa vibaya, na mimi nimesimama tu kama mgeni. Nikafikiri hivi: mkanda wa kubebea unapita kwa paji la uso, mzigo unalala mgongoni. Kwa hivyo ni kichwa na shingo zinabeba. Tumbo liko mbele huko, halina kazi! Nimebeba kuni na maji hivyo tangu niwe msichana. Nikajaza nusu gunia, nikavaa mkanda. Kuinuka tu — woi! Limau limekuwa ngumi.

Nililala hapo hapo kwa mtaro wa viazi, magoti juu, nikapumua vile nilifundishwa. Uvimbe ukarudi wenyewe. Polepole. Kaberia alikuja mbio akasimama juu yangu na jembe, kama mtu anataka kupima kaburi. Nikacheka. Kucheka nako kukauma.

Jumamosi, 10 Agosti

Nimempigia Wawira. Hakunigombeza. Alisema mtu mwingine avae ule mkanda na mzigo wake, halafu mimi nimshike tumbo, nimwambie yeye Wawira ni kichwa ama ni tumbo linabeba.

Mtu mwingine ni Kaberia. Mwanaume na mkanda wa kuni! Alifunga mlango kwanza, majirani wasione. Shosho alicheka mpaka akashika mguu wake mbaya. "Bibi arusi wetu huyo," anasema. Akainuka na gunia, nikaweka mkono — tumbo gumu kama ubao! Miaka yote hii tumbo linabeba na sifa zinaenda kwa kichwa.

Wawira akaongeza, na hapo sauti ilibadilika: siku uvimbe ukikataa kurudi, ukiwa mgumu na unauma, au nikianza kutapika, si kungoja Oktoba. Ni hospitali saa hiyo hiyo. Nimemwambia Kaberia ayarudie hayo maneno mpaka yakamshika.

Jumatano, 21 Agosti

Msichana!! Cicily mzima, mtoto mzima, analia kama tarumbeta. Jina ni la mama yake Njeru, ndivyo inavyokuwa kwa wa kwanza. Sawa. Wa pili ni mimi.

Nimetembea mpaka kwa lami mara mbili kwa furaha. Uvimbe kimya.

Sasa kuna jambo la kuni: kwetu mtoto akizaliwa, mama wa aliyejifungua na kina mama wenzake humpelekea kuni za kuotea moto.

Alhamisi, 29 Agosti

Mkutano wa kina mama kwa Teresia, rafiki yangu na mwenyekiti wetu. Kuni zitaenda Embu na pikapu. Lakini hazifiki mlangoni na gari, hiyo ni aibu. Tutashuka kwa kona, kila mwanamke ajifunge mzigo wake mgongoni, tupande na nyimbo mpaka kwa geti la Njeru. Na mama wa aliyejifungua ndiye mbele, yaani mimi.

Teresia: Mama Cicily, ukienda mtupu watasema tumeleta mgeni, hatujaleta mama. Akapata akili yake — anifungie mabua ya mahindi, mepesi kama manyoya, ya kudanganya macho tu. Wote wakacheka. Na mimi kidogo nikubali.

Halafu nikaona: nampelekea mjukuu kuni za uongo? Hapana. Nikawaambia nyinyi mtakuwa mnahema kwa kile kilima. Mimi ndiye nitakuwa na pumzi ya kuimba.

Cicily kwa simu: Mami, nikikuona na mzigo sifungui mlango. Nikamwambia basi amwambie mama mkwe wake mapema kwa nini sibebi, nisidharauliwe getini. Akasema atatafuta wakati mzuri. Wakati mzuri ni upi!

Jumamosi, 14 Septemba

Tuko kona. Niko ndani ya pikapu, kiti cha mbele, naandika kwa goti. Nyuma kina mama wanafunga kuni, kamba zinalia. Kilima ni kikali kuliko nilivyokumbuka, lakini kile cha kwetu ninachopanda nikitoka lami ni ndugu yake. Nimekunywa uji kidogo. Tumbo laini, limau liko ndani.

Naona geti. Kina mama wa upande wa Njeru wamesimama na leso zao, mama yake mbele. Wanahesabu migongo, najua. Hata mimi ningehesabu.

Teresia amekuja dirishani na mabua. Aliyafunga tu! "Iko hapa, ukibadilisha roho." Nimemwambia akalishe mbuzi. Amenyoosha mkono nishuke. Fuuu.

Mesej ya mwisho kwanza:

Cicily mwanangu, tumefika. Nakuja mbele, mgongo mtupu, mkono tumboni, sauti iko. Ulimwambia mama mkwe wako ama bado? Nijibu haraka, Teresia ameshaanza wimbo na ameuanzia juu sana.