Nabwire na Vazi la Patipati

Nabwire wangu ametengeneza vazi la vita la watu wa nyota, wale wa filamu za anga, kwa patipati kuukuu, yaani ndala, na mitungi ya plastiki, hapa chumbani kwake Malaba! Dada Taaka, hamjambo huko Sio Port? Jana kifua cha vazi kilikuwa kibichi kwa gundi, nikakianika juani kama omena. Kikajikunja! Nabwire akashika kichwa: "Mama, hiki si samaki! Na mashindano ya mavazi yamefika!" Alipokivaa, kumbe ule mkunjo umemkaa sawasawa. Akatoka barabarani aking'aa. Dereva kwenye foleni ya malori ya mpakani akapaza sauti, "Boss, pita mbele, sisi tutangoja!" Huyo ni wangu, nilimzaa mimi. Nawakumbatia nyote. Mje kumshangilia kwenye mashindano, hata shemeji mwenye mguu mbaya, Jumamosi.