Majibu Hayaji Bila Kuombwa

Jumatatu, 1 Septemba 2025

Linda amefika nyumbani. Sikumtarajia mpaka Desemba. Nimemuona akipapasa ukuta wa jikoni kama mtu aliyeingia gizani, na jua liko nje limewaka! Nikacheka. Nikadhani ni mzaha wake.

Ni macho. La kushoto limezima. La kulia anasema anaona kama mtu aliye ndani ya nailoni ya kitalu cha miche ya chai. Na kichwa kinamuuma tangu Pasaka. Tangu Pasaka! Na kwa simu kila siku ni “niko fiti, Mama.”

Binti yangu wa chuo kikuu. Wa kwanza katika boma hili, na boma la juu, na la chini pia. Amebakisha pepa moja tu awe mkutubi.

Jumatano, 3 Septemba

Tumetoka hospitali, mjini Kisii. Wamempiga picha ya kichwa kwa ile mashine inayommeza mtu mzima. Daktari ni kijana mpole. Amesema picha itasomwa na mtaalamu, kisha atatupigia. Nimempa namba yangu kwa sababu Linda haoni tena kioo cha simu yake.

Tulipitia soko la Daraja Mbili nikamnunulia ndizi mbivu. Akazishika tu, akasema, “Mama, hizi wamekupa zilizovunwa mapema.” Tulipofika nyumbani nikamenya. Kweli! Akili yake iko pale pale.

Mume wangu Mokua ametusikiliza, akachukua kikapu akarudi kwenye chai. Huyo hulia na majani.

Ijumaa, 5 Septemba

Mwalimu wake amepiga. Anaitwa Otiende, mtu wa upande wa ziwa, Kiswahili chake kimenyooka kama rula. Anasema Linda anaweza kuahirisha pepa mpaka mwaka ujao. Linda akanipokonya simu: “Mwalimu, mwaka ujao nitakuwa wapi?” Akasema hivyo mbele yangu!

Wamekubaliana ataulizwa kwa mdomo, kwenye tawi lao la mjini, Alhamisi tarehe 18. Otiende akaniuliza kama kuna mtu wa kumsomea maelezo yake. Nikamwambia yupo, na anaongea naye! Niliishia darasa la nane, lakini nilishika namba tatu darasa zima, na Mwalimu Nyangate ndiye aliyenifundisha kuandika shajara, kwa Kiswahili, na sijaacha mpaka leo. Kiingereza nakisoma polepole, lakini nakisoma.

Jumapili, 7 Septemba

Tumesoma mchana kutwa. Mimi natamka, Linda ananifafanulia. Na nimeelewa! Wacha niyaandike haya kabla hayajatoroka.

Kila maktaba ina orodha ya vitabu vyake ndani ya kompyuta yake, na kila moja imeipanga kivyake. Ukitaka kutafuta katika maktaba ishirini, ungejifunza tabia ishirini. Kwa hivyo wakubwa wakakaa wakakubaliana: kuuliza kuwe kwa namna moja kila mahali. Makubaliano hayo yana jina, Z39.50. Ukilisikia utadhani ni namba ya gari la serikali.

Kwanza kompyuta yako inapiga hodi kwa ile ya mbali. Inajitambulisha, inasema inajua lugha gani, na ile ya mbali inakubali au inakataa. Nikamwambia, “Hata huko wanaanza na salamu, Bwakire, kama sisi!” Linda akacheka. Mara ya kwanza tangu aje.

Kisha unauliza. Lakini si kupayuka tu “Mokua!” Unasema unamtaka Mokua aliyeandika kitabu, au Mokua aliyeandikwa ndani ya kitabu.

Halafu hapa ndipo paliponishangaza. Ile ya mbali haikuletei kitu bado. Inasema tu: vipo saba. Inaviweka kando. Vinangoja. Mpaka wewe mwenyewe useme, sasa niletee, nione. Nikamwambia hiyo ni kama kwenda kununua ng’ombe. Mwenyewe anasema wapo, lakini hafungui zizi mpaka useme unataka kuwaona.

Linda akasema, “Mama, hiyo nitamwambia Mwalimu Otiende.” Mfano wangu! Chuo kikuu!

Jumanne, 9 Septemba

Daktari amepiga. Majibu yapo.

Nikamuuliza, ni mabaya? Akasema hayasemwi kwa simu. Basi nije peke yangu? Akasema, “Mama, Linda ni mtu mzima. Akikubali, nitawaambia wote. Lakini msikawie.” Alirudia hilo. Msikawie.

Nilimwambia Linda akiwa anachambua mboga za chinsaga kwa vidole. Hakuacha kuchambua.

“Baada ya pepa.”

“Linda, daktari amesema…”

“Mama, umesoma mwenyewe. Kuna kutafuta, na kuna kuomba kuletewa. Wametafuta. Wamepata. Mimi sijasema nileteeni.”

Nimeingia zizini nikaegemea ng’ombe. Nani alimfundisha kujibu hivyo kama si mimi?

Mokua amesema maneno mengi kuliko mwaka mzima. Kwamba mtoto hawezi kuamua, twende kesho, hata kwa kubebwa. Nikamwambia ana miaka ishirini na nne. Akasema, “Wewe unataka ile kofia nyeusi ya mahafali.” Naitaka. Nataka pia mtoto. Nani alisema lazima nichague?

Jumamosi, 13 Septemba

Sabato. Linda alibaki nyumbani, kichwa.

Kanisani waliuliza mbona hatumuoni. Mdomo wangu! Nikasimama wakati wa shukrani nikasema Linda amekuja kujiandaa, ni pepa moja tu, na kwamba anasomea namna maktaba za dunia nzima zinavyoulizana. Nikaitaja, Z39.50, wakapiga “Amina.” Macho sikuyataja. Nilisema anapumzika.

Esnah, yule Mama Gibson, akaninong’onezea tukitoka: “Basi kesho tuje tumuone huyo mkubwa kabla hajaanza kututaka tuombe miadi.” Ana ulimi huyo. Nami nikasema karibuni! Ningesemaje?

Jumapili, 14 Septemba

Walikuja, kina mama wa kanisa, na vikapu vya ndizi na uji kwenye mtungi. Nilikuwa nimempanga Linda kwenye kiti cha pembeni, asitembee. Nilimwambia, itikia tu salamu, sauti unazijua.

Lakini kwetu binti wa nyumba ndiye anayewanawisha wageni. Walipoketi wakamwangalia yeye. Nikasema nitanawisha mimi. Esnah akasema, “Mama Linda, kwani chuo kikuu kimekata mikono?” Wakacheka. Linda akasimama.

Alichukua birika na beseni, akaenda moja kwa moja kwa sauti ya Esnah. Beseni aliliweka vizuri. Maji yakamwagika yote kwenye mapaja ya Esnah, kwenye lile gauni lake la mkutano mkuu wa kanisa.

Esnah akaruka. “Msomi huyu hajui mkono uko wapi?”

Linda alisimama na birika tupu. “Mama Gibson,” akasema, “nisamehe. Sioni.”

Nilitamani ardhi inimeze. Si kwa ajili ya maji. Kwa ajili ya ile “anapumzika.”

Esnah, na gauni linatiririka, akamtoa Linda birika mkononi. Akaenda kulijaza jikoni mwenyewe. Akarudi akamketisha mtoto wangu, akamnawisha vidole kimoja kimoja kama mtoto mchanga. Kisha akanigeukia. “Wewe, uliona tutamcheka huyu?”

Waliomba. Waliondoka bila kumaliza uji. Naambiwa njia nzima walienda kimya, na Esnah hajawahi kunyamaza hata kwenye matanga.

Jumanne, 16 Septemba

Mvua ya mawe. Chai imepigwa yote upande wa chini. Mokua hata hakwenda kuiangalia.

Daktari amepiga tena. Nikasema Alhamisi. Akasema, “Sawa. Alhamisi. Isipite.”

Jumatano, 17 Septemba

Kuna jambo jipya na silitaki.

Tulikuwa tunarudia kwa mara ya mwisho. Akataka chai. Akasema, “Mama, niwekee kwenye… kwenye…” Akafanya mkono duara. Kikombe. Alitaka kusema kikombe. Alilitafuta neno, nikaliona usoni likimpita. Nikasema, kikombe? Akasema, “Ndiyo, hicho,” kwa hasira, kama ni mimi niliyekificha.

Mara mbili leo. Kikombe, na jina la babake.

Nikamwambia tuache, twende hospitali kesho asubuhi kabla ya mtihani. Akanishika uso kwa mikono yote miwili. Akasema, “Nikitoka kwenye chumba cha Otiende, mpigie daktari. Mwambie alete yote. Sitamzuia. Lakini nipe hiki kwanza, nikiwa bado nakijua.”

Nimempigia pasi blauzi nyeupe.

Alhamisi, 18 Septemba

Naandikia kwenye benchi, nje ya chumba. Mjini. Mokua ameketi kando yangu na kofia yake magotini.

Otiende ni mtu mrefu, mpole. Alimshika Linda mkono akamhesabia ngazi. Kuna mwalimu mwingine mwanamke ndani, wa kushuhudia. Mlango hawajaufunga vizuri. Mungu ambariki aliyeutengeneza.

Wameanza. Sauti ya mtoto wangu inatoka safi! Anaeleza kwa nini makubaliano yalihitajika. Anataja miaka. Yule mwalimu mwanamke amesema, “Vizuri sana.” Mokua ameniangalia. Nimemwambia, umesikia?

Otiende sasa amemuuliza aeleze mazungumzo ya kompyuta hizo mbili, hatua kwa hatua.

Anajibu. Hodi na kujitambulisha – amesema! Swali, na namna ya kulipanga – amesema, na Mokua wa kuandika na Mokua wa kuandikwa, wamecheka wote ndani! Idadi inatajwa, majibu yanawekwa kando – amesema. Ng’ombe wangu pia amewataja. Zizi langu!

“Na kisha?” Otiende anauliza.

Kimya.

“Linda? Majibu yako pale. Kisha kompyuta inayotafuta inafanya nini?”

“Kisha ina… ina…”

Simu yangu inatetemeka mfukoni. Ni daktari. Mokua ameona jina. Amenyoosha mkono aichukue, nimeukamata.

“Chukua muda wako,” Otiende anasema. “Hatuna haraka.”

Nimesimama mlangoni, shajara mkononi. Namuona mgongo tu, ile blauzi nyeupe, na mkono wake unachora duara hewani. Lile duara la jana.

Simu imekata. Imeanza tena.

Inaomba, mwanangu. Inaomba iletewe. Sema.