Mawaridi ya Mke wa Afande

Mbuya, Kampala

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Vipi mgongo, umekuachia kidogo? Na hapo Voi, mvua iliwatosha kabla ya kukatika? Mimi ni mzima wa mwili, ila moyo umechafuka, na sina mwingine wa kumweleza akanielewa.

Afande, yule mwanajeshi mstaafu ninayemtunzia bustani, ana mawaridi yaliyopandwa na marehemu mkewe. Kiangazi kilipoanza nilifanya ulivyonifundisha: nikatandaza nyasi kavu kwenye mashina, nikawa nanyweshea alfajiri, maji mengi, mara mbili kwa wiki. Akatoka, akatazama, akafoka.

"Hii takataka ni ya nini? Toa yote! Na maji utamwaga saa sita, jua ikiwa kali. Hapo ndio maua inasikia kiu."

"Afande, saa sita maji yanakauka kabla hayajafika mizizini. Kwetu ni kukavu, haya nimekua nayo."

"Hapa amri natoa mimi."

Basi nikatii. Nikazoa nyasi zote, nikawa namwaga maji juani kama mwehu huku udongo ukipasuka. Wiki ya tatu majani yakaanza kupukutika, naye akaniita mvivu mbele ya wageni wake. Baba, nilitamani kutupa ule mpira wa maji nikapande basi siku hiyohiyo.

Juzi asubuhi nilimkuta amepiga magoti bustanini, ameshika tawi lililokauka. Hakufoka.

"Bibi yangu alipanda hii akiwa mgonjwa tayari," akasema. "Yote imekufa?"

Nikakwangua mashina kwa ukucha, moja moja. Mengi yalikuwa makavu hadi ndani. Matatu tu yalikuwa na ubichi chini ya gome.

"Fanya ile ya kwenu," akasema, akaingia ndani.

Wenzangu hapa wanasema nimeshinda. Nimeshinda nini? Kila nikipita pale hasira inanipanda, na si kwake peke yake. Nilijua anakosea, nikasema mara moja tu, halafu nikanyamaza kwa kuogopa kufukuzwa. Niliyaua kwa mikono yangu mwenyewe.

Nisalimie Mama, shangazi wa pale sokoni, na dada yangu fundi cherehani. Mwambie akiletewa gauni la marehemu mke wa mtu alirekebishe, asilishone kwa haraka.

Nakukumbuka sana, Baba.

Mwanao,
Mwakio