Makofi Si Ridhaa

Jumatatu, 3 Machi 2025
Jedwali tena. Kushoto Kenya, kulia Tanzania. Makao makuu Nairobi wanataka tamko lenye saini ya mwanasheria wa tawi la Dodoma, yaani mimi, kwamba namna tulivyowasajili wakulima wa zabibu kwa ajili ya bima inafuata sheria za ulinzi wa taarifa binafsi za nchi zote mbili. Bosi kaingia na kikombe cha chai. Kasema sheria hizi ni mtu na mdogo wake, ninakili ya Kenya nibadilishe jina la nchi. Nikamwambia mtu na mdogo wake huwa na tabia mbili. Kacheka. Sikuwa natania.

Jumanne, 4 Machi
Kenya, taarifa zikivuja una saa sabini na mbili kumwarifu Kamishna. Huku saa hazikutajwa, ila Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi iarifiwe bila kuchelewa. Kuzipeleka nje ya nchi, huku unaomba kibali. Hatuna kibali. Za afya, huku ni ridhaa ya maandishi ya mwenyewe. Nikaomba fomu za ridhaa. Kila mtu akaangalia simu yake.

Jumatano, 5 Machi
Hadija, afisa wetu wa uwandani, mtu wa Kondoa, amefunga na midomo imemkauka, lakini kasema kweli yote. Fomu hazikuwahi kuwepo. Waliitisha mkutano Makutupora, bosi akasimama akauliza kama wanakubali kusajiliwa. Watu wakapiga makofi. Ikapita. Kisha mmoja mmoja wakaulizwa maswali, magonjwa yakiwemo.

Makofi! Mgeni akija, makofi. Akiondoka, makofi. Taarifa ya mapato ikisomwa haraka haraka asielewe mtu, makofi. Watu wanapiga ili mkutano uishe wakapike. Na hiyo ndiyo ridhaa niliyoletewa niitie saini. Nina hasira.

Alhamisi, 6 Machi
Kumbe jana ilikuwa nafuu. Nairobi walirudisha orodha ya waliosajiliwa ili namba za simu zirekebishwe. Bosi akaitupa ilivyo kwenye kundi la wakulima la simu, kila mtu ahakiki ya kwake. Na safu ya afya humo humo. Kaifuta baada ya Hadija kumpigia. Maji yakimwagika hayazoleki.

Mama mdogo Yunisi yumo. Ana shamba dogo la zabibu, na msimu huu anawapikia vibarua wanaochuma. Anatumia dawa za VVU miaka mingi. Tulikuwa tunajua watatu tu, wote wa nyumbani. Aliulizwa akajibu kweli, kwa kuwa aliambiwa inabaki ofisini. Sasa anajua kila mwenye simu.

Ijumaa, 7 Machi
Bosi kataka saini leo. Nimekataa. Nimemwambia ashike sheria ya kushoto au ya kulia, zote zinamkaba. Kasema nakuza mambo, hakuna mkulima aliyelalamika, na mkataba wangu unaisha Juni. Hiyo ndiyo hoja yake ya kisheria.

Nimetembea mpaka soko la Majengo. Nikabishana na muuza nyanya bure, maskini ya Mungu, wala nyanya sikuzihitaji. Jioni nimeandika malalamiko kwa Tume. Jina la mama mdogo, kijiji chake, ugonjwa wake, yote. Nimeandika vizuri sana.

Jumamosi, 8 Machi
Siku ya Wanawake. Mjini vitenge, hotuba, makofi.

Makutupora saa nane mchana. Sufuria la wali la mama mdogo halijaguswa. Vibarua wamepanga foleni kwa mpishi mwenzake, ng'ambo ya njia, na wengine ni watoto aliowalea. Nikashindwa kujizuia, nikatoa malalamiko nikamsomea kwa sauti ya mahakamani. Nilipomaliza akasema, "Wenzio waliniuliza, ingawa vibaya. Wewe umeniuliza lini, mwanangu?"

Mwanasheria mzima wa ridhaa. Nikataka kumkasirikia yeye, nikashindwa. Hasira yote ikanigeukia.

Jumapili, 9 Machi
Nililala huko. Asubuhi kaenda kanisani, kakaa benchi lake la mbele kama kawaida. Wenzake wakahamia nyuma mpaka akabaki peke yake kwenye benchi hilo, naye hakuhama.

Tuliporudi nikamuuliza kama anataka kulalamika. Akaomba nisome tena, polepole. "Jina langu liache," kasema. "Hilo la ugonjwa litoe. Nitalisema mwenyewe huko Tume, mlango ukishafungwa."

Nikauandika upya ukurasa kwa mkono, bila ile mistari. Akanawa, akajifuta mikono kwa kanga, akaandika jina lake lote, herufi moja moja. Kesho tunaenda pamoja.

Leo kapika sufuria ndogo. Tumekula wawili.